Pangaboi na Kompyuta Iliyopoa Dukani, Ikachemka Nyumbani

Saa tatu asubuhi, nje ya mlango wa mteja wake, fundi mmoja mwembamba anapanda na kushuka ngazi kama mtu aliyeambiwa achague ghorofa ya kuhamia. Mkononi ana bisibisi. Anashuka kwenye pikipiki yake kufuata bisibisi ndogo. Anafika chini, anajipapasa, anaikuta mfukoni, anapanda tena.

"Nikisimama sehemu moja nawaza," anasema huku akihema. "Na nikiwaza, ndugu yangu, naiona kaunta ya shemeji."

Habari za kaunta ya shemeji zitakuja. Kwanza jina. Analo la kwenye kitambulisho, lakini ukiliuliza mtaani kwake utazungushwa mpaka uchoke. Uliza Pangaboi, kama ile feni ya darini. Jina hilo alipewa na jirani yake wa kazi, fundi cherehani, kwa kuwa kazi yake ni kupoza kompyuta, na kwa kuwa yeye mwenyewe huzunguka tangu asubuhi mpaka jioni na hakuna anayejua kitufe cha kumzimia kiko wapi.

Leo anazunguka kuliko kawaida. Nyuma ya mlango huu kuna kompyuta aliyoiunda kwa mikono yake mwenyewe, na kompyuta hiyo inachemka. Ameshaibeba dukani mara mbili. Mara zote mbili ameitengeneza, ikapoa, akairudisha, ikachemka. Wiki iliyopita mteja alipopiga simu tena, Pangaboi alipandwa na hasira akasema mbele ya watu maneno ambayo sasa yamemkaa kooni.

"Nikishindwa na hii, nafunga duka!"

Mkewe alikuwepo, amemletea chakula cha mchana. Fundi cherehani alikuwepo, uzi mdomoni. Hakuna aliyemwambia ayameze maneno yake. Mkewe aliweka bakuli chini, akasema taratibu, "Sawa, baba. Basi nitamwambia kaka akuwekee nafasi."

Kaka huyo ndiye shemeji. Ana duka la vipuri vya magari, lenye kaunta ndefu na kiti kirefu nyuma yake. Pangaboi aliwahi kukikalia kiti hicho zamani, alipoacha gereji alikokuwa akiziba rejeta za magari. Mshahara ulikuwa unakuja kila mwisho wa mwezi bila kuchelewa, jambo ambalo mkewe hajalisahau. Yeye anachokumbuka ni kiti.

"Shemeji ni mtu mwema kabisa, sina neno naye," anasema. "Lakini kazi yenyewe ni kukaa. Unakaa, mtu anakuja, unampa plagi, unakaa. Nilikuwa narudi nyumbani nimechoka kuliko mtu aliyebeba zege."

Alipotoka huko alijifunza kompyuta kwa kubomoa mbovu na kuziunganisha, kisha akagundua kwamba zipo zinazopozwa kwa maji. Ujuzi wake wa rejeta, alioudhani umekufa gerejini, ukafufuka. Leo anaishi kwa kazi hiyo. Miezi mizuri huunda mashine moja au mbili za maji. Miezi mibaya hubadilisha vioo vya simu na kulehemu chaja, na nyumbani mkewe hupunguza mafuta kwenye sufuria.

Mlango unafunguka. Anayefungua ni mteja mwenyewe, mwanamke wa makamo mwenye skafu shingoni na kikombe cha maji ya moto mkononi. Ni mchoraji wa katuni za watoto, zile zinazotembea na kuongea. Huchora wahusika wote, na sauti zote huzitoa yeye mwenyewe.

"Umekuja peke yako?" anamuuliza, akichungulia nyuma yake.

"Peke yangu, dada."

"Afadhali. Maana nilidhani umekuja na mkokoteni wa kuibebea tena. Leo haitoki humu, fundi. Leo utakaa uione inavyonifanyia."

Pangaboi anacheka kidogo. Anaona Mchoraji hacheki, anaacha.

Chumba cha kazi kilikuwa cha kulala. Kuta zimefunikwa magodoro membamba ili sauti zisirudi. Kuna meza, kioo kikubwa cha kompyuta, maikrofoni iliyoning'inia, na chini ya meza limesimama boksi jeusi lenye kuta nene zilizowekwa sponji ndani. Hiyo ndiyo mashine. Haina kidirisha wala taa za rangi, kwani Mchoraji hakutaka pambo. Alitaka ukimya.

Ukimya ndio uliomfikisha kwa Pangaboi. Kompyuta ya kawaida ikipewa kazi nzito hupuliza feni zake mpaka chumba kizima kinavuma, na mvumo huo unaingia kwenye maikrofoni. Hii hupozwa kwa maji. Pampu ya ukubwa wa ngumi huyanyonya kutoka kwenye tangi dogo lililosimama ndani ya boksi, huyapitisha kwenye kibamba cha shaba kilichokandamizwa juu ya prosesa, ubongo wa kompyuta, ambako huchukua joto. Yakishapata moto hupanda mpaka kwenye rejeta iliyolala juu kabisa ya boksi, mdogo wa ile ya gari. Humo hupoa, hurudi kwenye tangi, na safari huanza upya.

Miezi ya mwanzo, katuni zikiwa bado fupi na kazi nyepesi, ilikuwa raha tupu. Mchoraji aliisifia mashine kwa wenzake, Pangaboi akatembea kifua mbele. Kisha siku moja simu ikaita.

"Fundi, bata wangu wa katuni kakatika katikati ya sentensi. Mashine imezima yenyewe. Nimeigusa, inaunguza."

Aliibeba. Alifungua, akafuta ile grisi inayopitisha joto kati ya prosesa na shaba, akapaka mpya, akalijaza tena tangi. Aliiwasha dukani, akaipa kazi ngumu kutwa nzima, ikawa baridi kama mtungi. Akairudisha. Bata akaongea siku chache tu, akakatika.

Aliibeba tena. Safari hii alibadilisha pampu, gharama juu yake. Alimwaga maji yote akajaza mapya, yale safi yasiyo na chumvi. Akaitesa kutwa. Baridi. Akairudisha. Bata akakatika.

"Nikaanza kumshuku yeye," anakiri. "Nikasema huyu dada labda anaifunika blanketi. Labda umeme wake mbaya. Nikamwambia fundi cherehani, mashine nzima, mtu ndiye mbovu. Mungu anisamehe."

Fundi cherehani, kwa upande wake, alikuwa na shughuli nyingine. Duka la Pangaboi liko chini ya ngazi ya jengo la zamani, kona ya pembetatu ambayo upande mmoja mtu anasimama wima na upande mwingine anatembea kwa magoti. Jirani huyo ana cherehani mbili zilizobanana pembeni mwa mlango wa duka hilo. Siku mbili baada ya kile kiapo, Pangaboi alimkuta chini ya ngazi ameshika futi yake ya kupimia nguo, anapima ukuta.

"Unapima nini?"

"Ah, mazoea tu ya mkono," fundi cherehani alijibu, na kuizungusha futi shingoni.

Tangu siku hiyo Pangaboi halali vizuri.

Sasa Mchoraji anamwonyesha kigoda kwenye kona. "Kaa hapo. Vua viatu, vinalia. Na hizo funguo mfukoni, toa. Nikianza kurekodi sitaki hata pumzi yako."

"Na mimi nitaipimaje nikiwa nimekaa?"

"Kwa macho."

Anakaa. Ni kama kumfunga mbuzi kamba fupi. Goti moja linaanza kutikisika. Mchoraji analitazama goti, goti linatulia, la pili linaanza. Amewekewa kioo kidogo pembeni kinachoonyesha joto la prosesa, na amekikodolea macho kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Mchoraji anaipa mashine kazi ya kuandaa picha, anasogea kwenye maikrofoni, anafumba macho. Akiyafumbua, si yeye tena. Ni bata mwenye majivuno anayemweleza mbuzi kwamba mvua haijawahi kumuua mtu. Kisha ni mbuzi, mwoga, anayejibu kwamba yeye si mtu.

Nyuzi joto hamsini na kitu. Inaruhusiwa.

Bata anajigamba. Mbuzi analalamika. Joto linapanda taratibu. Ndani ya boksi, pampu inahisi kazi imekuwa nzito, inaongeza mwendo, kama alivyoipangia mwenyewe. Joto lingepaswa kushuka. Badala yake linaruka, sabini, sabini na tano, na Pangaboi anajisikia kama mtu anayeona sufuria inafurika jikoni kwa watu na hana ruhusa ya kuinuka.

Kila kitu mwilini mwake kinamwambia amka, zima, fungua, bandua. Ndivyo anavyofanya kazi siku zote. Mashine ikilia tu yeye yuko ndani yake na bisibisi. Hajawahi kuitazama ikiugua. Amekuwa akiikuta imeshazimika, anaibeba mbio.

Mchoraji anafika mwisho wa ukurasa. Anaugeuza polepole ili karatasi isilie, na kwa muda huo mfupi ameshikilia pumzi. Chumba kimekuwa kimya kabisa.

*Glu.*

Ni sauti ndogo, ya mtu anayemeza mate kwa siri. Pangaboi anamtazama Mchoraji koo. Si yeye. Bata anaanza tena. Pangaboi sasa hatazami kioo, ametega sikio, na magoti yote mawili yametulia bila kuambiwa.

Ukurasa mwingine. *Glu. Glu-glu.* Anatupa jicho kwenye kioo: joto limeruka.

Anainua mkono kama mwanafunzi. Mchoraji anatikisa kichwa, midomo yake ikiwa bado kwenye sauti ya mbuzi. Pangaboi anashusha mkono. Anaung'ata. Themanini na nane. Tisini. *Glu.*

"Inameza hewa!"

Ameshasimama, kigoda kimeanguka. Mchoraji anamtazama kwa macho ambayo yangeweza kuchemsha maji bila kompyuta yoyote.

"Fundi. Umeniharibia sauti nzuri kuliko zote za leo."

"Samahani, dada. Samahani sana. Lakini inameza hewa! Zima, zima kazi kwanza, tuifungue hivyo hivyo ilivyosimama."

Hivyo hivyo ilivyosimama. Maneno yanamtoka kabla hajayasikia. Anachuchumaa, anafungua skrubu za ukuta wa pembeni, anauvuta, na anabaki amechuchumaa, mkono kichwani.

Kwa yeyote asiyeijua kazi hii, alichokiona hakistahili mkono kichwani. Tangi lina maji kidogo chini, na juu ya maji ni hewa tupu. Pampu, kila inapoongeza mwendo, inachimba shimo katikati ya maji hayo haba kama maji ya sinki yakizungukia tundu, na kwenye shimo hilo inavuta hewa. Hewa inapita kwenye shaba badala ya maji, na hewa haibebi joto.

Lakini tangi hilo Pangaboi amelijaza mwenyewe. Mara tatu, na mara zote alihakikisha limejaa.

"Nililijaza likiwa limelala," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti yake iko chini. "Chini ya ngazi boksi kama hili halisimami juu ya meza, linagonga dari. Kwa hiyo nalilaza kwa ubavu, kama mgonjwa. Namimina, maji yakifika kwenye tundu yanaanza kumwagika, nasema limejaa, nafunga. Kumbe limelala! Limejaa nusu tu. Na rejeta nayo imebaki na hewa yake."

Kwenye meza ya dukani, ikiwa imelala, mdomo wa pampu ulikuwa ndani ya maji wakati wote, na mashine ilipoa vizuri. Ilipofika nyumbani na kusimamishwa, hewa iliyojificha kwenye rejeta ikaanza kuteremka kidogo kidogo, maji yakapanda kuijaza nafasi yake, tangi likapungua. Ndiyo maana ilichukua siku kadhaa kuharibika; miezi ya mwanzo ilisalimika kwa kuwa kazi nyepesi haikuilazimisha pampu kuongeza mwendo. Na kila aliporudi nayo dukani kuitibu, aliilaza palepale na kuujaza ugonjwa uleule.

Je, hakujua kwamba mashine ya maji hujazwa na kupimwa ikiwa imesimama?

"Najua! Kila mtu wa kazi hii anajua. Mimi mwenyewe nawaambia wenzangu." Anajikuna shingo. "Lakini nikifika hapa nasimamisha boksi, nachomeka nyaya, naona picha imetokea, nimeshafika kwenye pikipiki. Ningekaa dakika chache tu nikalifungua, ningeliona. Sikukaa."

Mchoraji, ambaye mpaka hapo ana haki yote ya kukasirika, anavuta kigoda kilichoanguka na kukisimamisha. "Basi kaa sasa," anasema.

Na hapo ndipo taabu ya pili inaanza, kwa sababu kuitoa hewa hakuna mbio. Pangaboi anachomoa nyaya nyingine zote, anaiwasha pampu peke yake. Anafungua kifuniko cha juu cha tangi, anamimina maji, anafunga. Analiinamisha boksi huku, analisubiri. Analiinamisha kule, analisubiri. Kutoka kwenye rejeta viputo vinatoka kimoja kimoja, vinateremka na maji, vinafika kwenye tangi, vinapanda juu na kupasuka. Maji yanapungua, anaongeza. Ukilitikisa kwa pupa, viputo vikubwa vinavunjika kuwa vidogo vingi, na hivyo ndivyo vibaya zaidi kutoka.

Mara mbili anainuka kutaka "kuangalia pikipiki". Mara mbili Mchoraji anamtazama tu, naye anakaa.

Kutwa inasogea. Mchoraji anachora kwa penseli. Pangaboi analea boksi mapajani kama mtoto aliyeshindwa kucheua. Mchoraji anapomletea chai, anaipokea kwa mkono mmoja, wa pili haubanduki kwenye boksi, na hakuna goti linalotikisika.

Mwishowe hakuna kiputo. Tangi limejaa mpaka karibu na kifuniko, limesimama. Anarudisha nyaya, anafunga ukuta wa sponji, anaurudisha mzigo chini ya meza mahali pake, wima. Haendi kwenye pikipiki.

"Anza upya, dada. Kuanzia pale kwa bata. Mimi niko hapa."

Bata anamweleza mbuzi habari za mvua. Mbuzi anajibu. Nyuzi hamsini na kitu, kisha sitini. Pampu inaongeza mwendo. Pangaboi amefumba macho, anasikiliza. Ukurasa unageuka, na ndani ya ukimya huo hakuna anayemeza kitu. Sitini na mbili. Sitini na mbili. Bata anamaliza hotuba yake yote bila kukatika, mvua inanyesha, mbuzi anagundua kwamba anajua kucheza kwenye matope, hadithi inaisha, na kioo bado kinasema sitini na mbili.

Mchoraji anavua vipokea sauti masikioni. Pangaboi anajifuta uso kwa kiganja, na si jasho pekee analofuta.

"Ile kelele yako ya asubuhi sijaifuta," Mchoraji anamwambia. "Nimekosa mtu wa kumshtua mbuzi. Utatusaidia hapo."

Simu ya Pangaboi inatetemeka. Ni mkewe.

"Imekuwaje?"

"Imepoa. Imepoa ikiwa kwake, mama, imesimama!"

"Siku ya kwanza hupoa siku zote. Umeondoka hapo?"

"Sijaondoka. Nimekaa."

"Nani amekaa?"

"Mimi. Kwenye kigoda. Tangu asubuhi."

"Hebu mpe simu huyo dada," mkewe anasema.

Mchoraji anaipokea, anasikiliza, anamwangalia fundi kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Ni kweli, dada yangu," anasema. "Hata mimi nilifikiri anaumwa." Upande wa pili kicheko kinasikika mpaka kwenye kona. Kikishapungua, Pangaboi anarudishiwa simu, na mkewe anamwambia neno moja tu: kaka yake atatafutiwa mtu mwingine.

Jioni jua limelegea wakati Pangaboi anaingia kwenye jengo lake. Fundi cherehani ameacha kushona. Anamtazama mikono kwanza, kama amebeba boksi. Hajabeba. Anamtazama uso.

"Imegoma kubebeka?" anauliza kwa sauti ya mtu anayetaka kusikia jibu fulani.

"Imepona. Niazime futi yako."

"Ya nini?"

Pangaboi anaivuta futi shingoni mwa jirani, anaingia chini ya ngazi, anapiga magoti. Juu ya kichwa chake wapangaji wanapanda na vikapu vyao, vumbi linamdondokea begani. Anapima kutoka sakafuni mpaka dari, anapima urefu wa boksi bovu lililolala mezani likisubiri, anapima miguu ya meza. Kuna mteja mwingine mwenye mashine ya maji, rafiki wa Mchoraji, aliyekuwa akisubiri kuona kama bata ataongea mpaka mwisho. Atakuja kesho kutwa. Pangaboi anataka amkute na meza fupi, ambayo boksi lolote litasimama juu yake kama linavyosimama kwa mwenyewe, na anataka amkute na viti viwili, kwani mpaka leo duka hili halijawahi kuwa na hata kimoja.

"Kimoja cha mteja," anasema, akiweka alama ya chaki kwenye mguu wa meza.

"Na cha pili?" anauliza fundi cherehani, ambaye ameshakuja kushika ncha ya futi bila kuombwa.

"Cha pili changu," anasema Pangaboi, na kuuchukua msumeno.